Tonge Linapozama Mchuzini

Kitendawili!

Semeni “tega”, wajukuu zangu, hata kama mnasoma kimyakimya.

Kila siku nazama mchuzini, wala sijajifunza kuogelea.

Nawasikia wa Sogea wakisema samaki, wa Mpemba wakisema kijiko, na wa kule Vwawa wakisema watanipa mji. Basi nipeni mji, nami niwape jibu: tonge. Tonge la ugali, lile mnalolifinyanga kwa vidole kila siku.

Sasa sikilizeni swali la pili, maana ndilo lililonifanya niketi nanyi leo. Tonge linapomegwa, likapita kwenye bakuli la maharage na kuingia kinywani, mwenye kula amefanya nini hasa? Mtaniambia amechovya. Ni kweli, lakini kuchovya si kula. Hata kitambaa huchovywa majini. Mtaniambia amekula. Hilo nalo ni kweli, ila aliyekula embe juu ya mti naye amekula, na hapakuwa na tonge wala mchuzi. Kiswahili kina kitenzi cha tendo lenyewe, la kula chakula kikuu pamoja na kitu cha kukipa ladha na kukiteremsha kooni. Kitenzi hicho ni kutowea.

Wengi wenu mnakisikia leo kwa mara ya kwanza. Lakini mtoto wake mnamjua vizuri sana: kitoweo. Angalieni jinsi alivyozaliwa. Kutokana na kufunika tunapata kifuniko. Kutokana na kuziba tunapata kizibo, na kutokana na kupima, kipimo. Mbele inakaa ki-, nyuma inakaa -o, na tendo linageuka kuwa kitu. Kutowea kukageuka kitoweo kwa njia hiyohiyo. Kitoweo ni kile kitu ambacho mtu hutowea: samaki, nyama, maharage, mchicha, dagaa, maziwa ya mgando, hata chumvi na pilipili kwa siku ambazo nyumba haina kingine. Mtu akisema “leo tunatowea samaki”, maana yake ugali au wali upo, na samaki ndiye anayeusindikiza. Kipo pia kitenzi kirefu kidogo, kutowelea: unatowelea ugali kwa dagaa, unatowelea wali kwa kunde.

Msichanganye kutowea na kutoweka. Kutoweka ni kupotea usionekane tena. Kitoweo kinaweza kutoweka, hasa paka akiachiwa mlango wazi, lakini hayo ni maneno mawili tofauti.

Kwa nini basi hapa Tunduma mtoto anaweza kufika darasa la saba bila kusikia mtu akitowea? Nadhani najua sababu. Sisi watu wa bara, kitoweo tunakiita mboga. Mtoto anarudi kutoka shule, anauliza, “Mama, mboga nini leo?” Anajibiwa, “Nyama.” Wala hashangai. Mgeni kutoka Zanzibar aliyeketi sebuleni ndiye anayeshangaa, kwa sababu kwake mboga ni mchicha, mnavu, matembele na majani mengine kama hayo, na nyama haijawahi kuwa jani. Kwetu mboga ni chochote kinachokaa kwenye bakuli la pembeni. Sasa, mboga ni neno zuri, lakini halikuja na kitenzi chake. Huwezi kusema “ninambogea”. Kitoweo kilipoachia nafasi yake kwa mboga, kutowea kukabaki bila mtu wa kukukumbusha, na sisi tukaridhika na kusema “ninakula ugali na maharage”. Inatosha, inaeleweka, lakini lile tendo la mkono kwenda kwenye bakuli limepotea ndani ya neno “na”.

Tuvuke sasa mpaka, maana mambo mazuri ya neno hili yako upande wa pili.

Mnajua Nakonde, ng'ambo kule Zambia. Mkisimama sehemu za juu za mji wetu mnaiona, na mkiwa na shangazi kule mnakwenda Jumapili na kurudi jioni. Mpaka unaopita katikati yetu ulikatwa na Wajerumani na Waingereza katika mapatano yao ya mwaka 1890, na mwaka 1898 tume yao ikaja kuupima ardhini, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga walikuwapo kabla ya hapo, wakajikuta wengine Tanzania na wengine Zambia, huku wakizungumza lugha ileile. Kinyamwanga mnakisikia pande zote mbili. Lakini ukiingia soko la Nakonde utasikia pia Kibemba, kwa sababu Kibemba ndicho watu wa makabila mengi ya kaskazini mwa Zambia huzungumza wanapokutana. Kwa Kibemba ugali ni ubwali. Kitoweo ni umunani. Na kitenzi cha kula ubwali kwa umunani, lile tendo letu la tonge na bakuli, ni ukutobela.

Lisemeni polepole. Ukutobela. Kutowea.

Mnasikia kitu? Sasa nataka muwe wapelelezi, maana kusikia kwamba maneno mawili yanafanana hakutoshi. Maneno mengine hufanana kwa bahati tu, na mengine kwa sababu mtu mmoja aliazima kwa mwenzake juzi sokoni. Ndugu wa kweli hutambulikana kwa dalili zinazojirudia. Tuanze na sauti ya b. Kibemba husema abantu, sisi tunasema watu. Kibemba husema ababili, sisi tunasema wawili. Kwa hiyo mahali Kibemba kinapoweka b, mara nyingi Kiswahili huweka w. Haya, twende kwenye l. Kibemba husema ukufyala, sisi tunasema kuzaa. L ya katikati imeanguka. Kibemba husema ukulimila, sisi tunasema kulimia. L imeanguka tena. Chukueni sasa neno lenu, tobela. Geuzeni b iwe w. Angusheni l. Mnabaki na nini? Towea.

Hakuna aliyeazima hapo. Ni neno moja lililogawanyika zamani, kama walivyogawanyika waliokuwa wakilisema, wengine wakaishia pwani ya Bahari ya Hindi na wengine kwenye mito ya Zambia, na kila upande ukaendelea kulitamka kwa desturi ya kinywa chake. Wataalamu wa lugha hufanya kazi hii ya kulinganisha sauti kwa mamia ya lugha za Kibantu, na ndivyo walivyoweza kukisia maneno ya watu walioishi miaka elfu kadhaa iliyopita na hawakuacha andiko hata moja. Ninyi mmeifanya sasa hivi kwa neno moja, bila kalamu.

Neno la namna hiyo ni la zamani kuliko mpaka. Ni la zamani pia kuliko ugali tunaoujua. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na yalifika Afrika kwa meli za Wareno kuanzia karne ya 16, kisha yakachukua muda mrefu kupanda kutoka pwani hadi milima yetu. Kabla yake ugali wa huku ulikuwa wa ulezi na mtama, mweusi au mwekundu, mzito, wenye ladha yake. Leo mashamba ya Mbozi na Momba yanajaa mahindi, na ulezi umebaki kwa uji na pombe, lakini waliomega tonge la ulezi walikuwa tayari wana tendo hili na jina lake. Chakula kilibadilika rangi, mkono ukaendelea na safari yake ya zamani.

Na safari hiyo ina hatua nyingi kuliko mtu anavyodhani. Mmeianza mkiwa wadogo mno kuikumbuka, ndiyo maana nataka muitazame upya. Kwanza unanawa. Kisha unamega, yaani unakata kipande kwa ncha za vidole, si kwa kiganja chote, maana ugali ukitoka jikoni huunguza. Unafinyanga, tonge likizunguka ndani ya mkono hadi liwe laini. Halafu unabonyeza kwa kidole gumba ili lipate shimo, na hilo shimo ndilo linalobeba mchuzi. Tonge lisilo na shimo hurudi na unyevunyevu tu. Kwa mlenda shimo halina kazi kubwa, kwa sababu mlenda hujivuta wenyewe ukifuata tonge, na anayekula anapaswa kujua kukata ule uzi kwa kuzungusha mkono. Kwa dagaa wakavu unabana dagaa pamoja na tonge. Hayo yote, kuanzia kumega mpaka kumeza, yamo ndani ya neno kutowea.

Mkono wenyewe ni wa kulia, na hapo pana siri nyingine ambayo lugha imeificha waziwazi. Kupika hutupa kupikia: sufuria ya kupikia. Kulima hutupa kulimia: jembe la kulimia. Kula hutupa nini? Kulia. Tunasema chumba cha kulia chakula, kijiko cha kulia. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Si kulia kwa machozi. Miaka yote mmekuwa mkiambiwa “pita kulia” na kumbe mnaambiwa mpite upande wa mkono unaokula. Wabemba upande huo huuita ukulyo, nao kula ni ukulya. Wakikuyu wa Kenya husema ũrĩo, na kula kwao ni kũrĩa. Wazulu wa Afrika Kusini, mbali sana na hapa, husema isandla sokudla, mkono wa kula. Lugha zinazotenganishwa na maelfu ya kilomita zimekubaliana kutaja upande mmoja wa dunia kwa chakula.

Hapa Tunduma tuna bahati ambayo miji mingine haina. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita mlangoni kwetu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inavuka mpaka hapahapa. Malori yanayosubiri kuvuka hubeba shaba, mafuta, mbolea, na ndani ya kila lori yumo dereva mwenye njaa. Kwa hiyo kwenye benchi moja la mama lishe unaweza kumkuta Mtanzania anayeagiza ugali, Mkongo wa Lubumbashi anayeuita bukari, Mmalawi anayeuita nsima, Mzimbabwe anayeuita sadza. Sahani ni moja kwa wote. Mama lishe anawaelewa wote, na huyo ni mtaalamu wa lugha ambaye hajapewa cheti.

Waulizeni madereva hao lile swali la pili, la tonge na bakuli. Mzimbabwe anayesema Kishona atawaambia tendo hilo ni kuseva, na kitoweo chenyewe ni usavi. Mmalawi atawaambia kusunsa, na kitoweo ni ndiwo. Mlozi wa magharibi mwa Zambia anakiita kitoweo busunso, na mkiangalia vizuri mtaona kwamba busunso na kusunsa ni wa ukoo mmoja, kama kitoweo na kutowea. Mganda, akifika huku, atasema okukoza. Mizizi ni tofauti lakini haja ni moja. Jamii hizi zote zinakula chakula kikavu kwa mkono, na kando yake bakuli la kitu chenye ladha, nazo zimeona tendo hilo linastahili jina lake lenyewe.

Wasiokula hivyo hawana haja ya jina hilo, wana haja ya majina mengine. Nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Norway, nchi ya kaskazini mwa Ulaya yenye baridi na samaki wengi. Wanorway wana vitenzi viwili vya kula. Kimoja ni ete, cha tangu zamani za mababu zao waliosafiri kwa mashua. Kingine ni spise. Mjini, mtu mwenye adabu husema spise kwa binadamu, na ete huachiwa wanyama au mtu anayekula kwa pupa. Vijijini wengi husema ete kwa watu wote bila kumvunjia mtu heshima, na wanaona fahari kusema hivyo. Spise si neno la asili ya kwao. Lilikuja kutoka Kijerumani cha kaskazini, wakati wafanyabiashara wa Kijerumani walipokuwa na maghala yao katika bandari ya Bergen na maneno yao yakishuka pamoja na mizigo. Wajerumani nao walilitoa katika Kilatini, ambako lilihusu gharama na matumizi. Neno la fedha likageuka kuwa neno la akiba ya chakula, kisha la kula. Ninyi mnaoishi mpakani hamtashangaa. Mnajua jinsi neno linavyovuka pamoja na gunia.

Wanorway hula mkate asubuhi, na watoto wao hubeba mkate shuleni umefungwa kwenye karatasi. Kila kinachowekwa juu ya mkate, jibini, samaki, yai, jemu, wanakiita kwa jina moja: pålegg. Hicho ni kitoweo cha mkate. Wana hata jibini la rangi ya kahawia, tamu, linalokatwa vipande vyembamba. Lakini chao huwekwa juu, chetu hukaa pembeni, na tonge ndilo linalokifuata. Sioni kwamba njia moja ni bora. Naona tu kwamba kinachokaa pembeni, katikati ya watu, kinaleta suala ambalo kipande cha mkate cha mtu mmoja hakileti: nani amechukua kiasi gani?

Hapo ndipo vitenzi vingine vya Kiswahili vinapojitokeza, na hivi mnavijua, kwa sababu mmewahi kukemewa kwa ajili yake.

“Acha kukomba mboga!” Nani hajaisikia? Kukomba ni kuchukua mpaka pasibaki kitu, na mezani ni kuila mboga peke yake, au kwa tonge dogo kama punje, mpaka bakuli likauke huku ugali ukiwa bado mlima. Watoto watano, bakuli moja la maharage, na mmoja anakomba: wanne watamaliza ugali wao kwa maji ya kunywa. Kukomba ni kinyume kamili cha kutowea. Anayetowea hupima. Tonge lake lina ukubwa unaolingana na kitoweo kilichopo, na kitoweo kikipungua tonge hukua kidogo na kuchovywa kidogo, mpaka vyote viwili vinakwisha pamoja. Ukitaka kumjua mtu aliyelelewa kwenye sahani ya watu wengi, mtazame tonge lake la mwisho. Na nyama, kama ipo, hungoja. Mkubwa ndiye anayeigawa mwishoni, na mtoto anayeanza na nyama hupigwa jicho moja tu akaelewa.

Kudokoa ni dhambi ya kabla ya chakula: kufunua sufuria wakati mama ametoka nje, kutoa kipande, kufunika tena. Kwa sababu hiyo mwizi wa vitu vidogovidogo naye huitwa mdokozi. Kudoea ni kwenda nyumba za watu wakati wa kula kwa matumaini ya kukaribishwa, na mwenye tabia hiyo ni mdoezi. Kubugia ni kurusha konzi ya karanga au unga kinywani kwa mara moja. Kumumunya ni kuacha kitu kiyeyuke mdomoni bila kutafuna, kama pipi, au kama afanyavyo babu aliyebaki na meno machache. Kuguguna ni kazi ya meno ya mbele kwenye mfupa au hindi gumu. Kufakamia ni kula kwa haraka na kwa pupa, kama mtu anayefukuzwa. Kukwangua ni kwa ajili ya ukoko, na wanaopigania ukoko mnajijua. Kipo hata kitenzi cha kutokula: kususa. Umeudhika, chakula kimewekwa, umegeuza uso ukutani. Mwenye kususa anataka abembelezwe, na kosa lake kubwa ni kususa siku ya kitoweo kizuri, maana wenzake hawambembelezi sana.

Lugha yenye maneno yote hayo imetazama watu wakila kwa muda mrefu na kwa makini.

Nini basi kinatowewa hapa Songwe? Mkoa wetu ulitengwa na Mbeya mwaka 2016, lakini bakuli lake ni la siku nyingi. Maharage kutoka Mbozi na Ileje. Majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Wabemba nao wana mboga za majani za karanga, wakiziita ifisashi. Matembele, ambayo ng'ambo ni kalembula. Kisamvu, ambacho ng'ambo ni katapa na kwa Wakongo ni sombe. Kambale na samaki wengine kutoka Ziwa Rukwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao wakivuka mpaka hugeuka kuwa kapenta bila kubadilika hata gamba.

Na kipo kitoweo kimoja ambacho nataka nikiseme kwa uzito. Mmekiona: kipande cha kahawia kinachokatwa kwa kisu, Wazambia wakikiita chikanda. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi, yale maua ya porini yanayoota kwenye nyanda za majani zenye unyevu. Viazi huchimbwa, hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka vigande. Hutafunwa hivyohivyo njiani, na hutowewa pia kwa ubwali. Ni chakula kitamu chenye heshima, na waliokianza walichimba kidogo karibu na nyumbani kwao. Lakini kilipopendwa katika miji ya Zambia, okidi za kule zikaanza kuadimika, na wachimbaji wakahamia nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Viazi vya okidi, mamilioni kwa mwaka, vikaanza kupita Tunduma kuelekea kusini. Ukichimba kiazi, umeondoa mmea wenyewe, na okidi huchukua muda mrefu kukua kutoka kwenye mbegu iliyo ndogo kama vumbi. Hofu ya okidi kuisha ilichangia kuifanya Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ile nyanda ya juu kati ya Mbeya na Njombe ambayo watu huiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake. Niliwaambia msichanganye kutowea na kutoweka. Kwa okidi, maneno hayo mawili yamekaribiana kuliko ninavyopenda.

Sasa nina kazi ya kuwapa, na ninaomba muifanye kweli. Kitenzi cha Kiswahili kimo kwenye kamusi, na cha Kibemba vilevile. Lakini Songwe ina Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kilambya na lugha nyingine ambazo maneno yake mengi yamo vichwani mwa wazee tu. Nataka mjue wao wanasemaje. Msimwendee bibi na kumuuliza “kutowea ni nini kwa Kinyiha?” kwa sababu huenda neno hilo la Kiswahili hajawahi kulitumia, naye atawajibu “kula” ili awaondoe. Ngojeni wakati wa chakula. Keti karibu naye, nawa, mega, finyanga, bonyeza shimo. Chovya mbele ya macho yake, na kabla hujapeleka mdomoni muulize kwa heshima, “Bibi, hapa ninafanya nini?” Akisema “unakula”, mwonyeshe tena, mara ya kwanza kwa tonge tupu, mara ya pili kwa tonge na mboga, na umuulize tofauti yake inaitwaje kwa lugha aliyonyonya. Andikeni anavyotamka, si mnavyodhani inapaswa kuandikwa. Kisha mkipata ndugu wa Nakonde, fanyeni vilevile kwake, na mlaze maneno hayo sambamba kwenye daftari, towea, tobela na lile mlilopewa, mtazame b imekwenda wapi na l imebaki kwa nani.